Uzi Uliokatwa Mfupi

Waliokuwepo katika chumba cha uzazi wa mpango, Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, walikuwa watu sita.

Wa kwanza alikuwa muuguzi mwenye chumba, mama wa miaka hamsini na mmoja ambaye wagonjwa walimwita Sista Kohoa. Wa pili alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto watatu, aliyekalishwa kwa nguvu kwenye ukingo wa kitanda cha vipimo, jicho lake la kushoto likiwa limezibwa na uvimbe. Wa tatu alikuwa mume wa fundi huyo, mchomeleaji wa mageti na madirisha ya chuma, aliyeukunja mtandio wa mkewe kiganjani kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi. Wa nne alikuwa mama mkwe, yaani mama mzazi wa mchomeleaji, ambaye ndiye pekee aliyepata kiti. Wa tano alikuwa wifi, dada mdogo wa mchomeleaji, aliyefika mwisho akihema. Wa sita alikuwa mlinzi wa kituo, mzee mwenye mvi, aliyelala kizingitini miguu nje kichwa ndani, kwa sababu alikuwa amewaambia wasubiri zamu yao na akajibiwa kwa kipande cha nondo.

Ili ieleweke watu hao walifikaje pale, hatuna budi kurudi nyuma wiki sita, katika chumba hicho hicho, siku ambayo haikumwagika damu isipokuwa ile iliyotarajiwa.

Siku hiyo, Jumanne, fundi cherehani aliingia akiwa na wifi yake tu. Alikuwa na sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa na kovu. Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa kwa upasuaji. Uchungu wa mtoto wa tatu ulimkuta mumewe akimalizia geti la mteja; mume akasema uchungu wa mwanamke haukimbii, geti ndilo lenye ahadi. Fundi akalala sakafuni tangu alfajiri hadi alasiri, na alipofikishwa hospitali mfuko wake wa uzazi ulikuwa umechanika. Waliushona, wakamwongezea chupa nne za damu, na daktari akamweleza kwa lugha ya ufundi wake mwenyewe: kitambaa kilichoshonwa juu ya mshono wa zamani hakivutwi tena. Mimba nyingine ingeweza kuufumua mshono ule, na safari hiyo huenda asiufikie hata mlango wa hospitali.

Daktari aliyasema hayo mume akiwepo. Mume akajibu kwamba madaktari wameumbwa waoga, na kwamba mama yake alizaa tisa bila kumjua daktari hata kwa sura. Miezi minane baadaye akakuta vidonge vya kupanga uzazi ndani ya kisanduku cha vifungo, chini ya cherehani. Hakupiga kelele. Aliulaza mkono wa kushoto wa mkewe juu ya meza ya cherehani, akautandika kwa bapa la mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, na kidole kidogo hakikunyooka tena. Tangu siku hiyo, kila fundi alipotia uzi kwenye sindano, kidole hicho kilisimama kando kama mtu asiyetaka kuhusishwa.

Kwa hiyo alipokaa mbele ya Sista Kohoa ombi lake lilikuwa fupi. Alitaka njia isiyoonekana, isiyomezwa na isiyofichwa kisandukuni. Kijiti cha mkononi kingepapaswa, na sindano ingemtaka atoke nyumbani kila miezi mitatu, na mume alizijua safari zake zote kwa idadi.

Sista Kohoa alifundisha kama alivyofundishwa chuoni: jambo moja, kisha la pili, bila kuruka. Akatoa kwenye droo kitanzi cha mfano, kile ambacho watu hukiita lupu, kipande cha plastiki chenye umbo la herufi T, kifupi kuliko njiti ya kiberiti. Akaeleza kwamba ndani ya shina lake mna homoni inayotoka kidogo kidogo kila siku kwa miaka mitano, ikiufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite, na ngozi ya ndani ya mfuko iwe nyembamba. Hedhi ingepungua, na kwa wanawake wengine ingekoma kabisa, wala huko si damu kuoza tumboni kama wasemavyo watu. Lakini kwanza ingekuja miezi mitatu, pengine sita, ya damu isiyo na ratiba, matone leo, matone keshokutwa. Kitanzi hakimkingi mtu na magonjwa ya zinaa. Na siku mwenyewe akitaka, kingetolewa kwa dakika moja na uwezo wa kuzaa ungerudi.

Fundi alisikiliza yote, kisha akauliza kama itauma.

"Itauma," alisema Sista Kohoa. "Nikikwambia haiumi, hutaniamini hata nikikwambia leo ni Jumanne. Kuna maumivu matatu. Nitakutajia kila moja kabla halijafika."

Wifi akadakia kwamba mtu aliyepasuliwa kwa kisu mara tatu hana haki ya kuogopa njiti. Fundi akamwambia basi apande yeye kitandani. Wifi akajibu kwamba yeye hana mume, na lupu bila mume ni sawa na kufuli kwenye shamba lisilo na ua. Hata sista alicheka.

Fundi akapimwa mkojo kuhakikisha hana mimba, akapimwa shinikizo la damu, akameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Kabla hajaweka sahihi, sista akamsomea kwa sauti mstari wa mwisho wa fomu, kama alivyomsomea kila mwanamke kwa miaka ishirini: mwenye mwili ndiye anayeomba kuwekewa, na mwenye mwili ndiye anayeomba kutolewa, akiulizwa peke yake. Alimtoa hata wifi nje, akauliza, akajibiwa, ndipo akamrudisha ndani kwa ombi la mgonjwa.

Kitandani fundi alilala chali, magoti juu, shuka tumboni. Kwanza kilikuja kipanuzi, cha baridi, kikaifungua njia. Huo ulikuwa usumbufu, si maumivu. Pamba yenye dawa ikausafisha mlango wa kizazi. Sista akasema la kwanza linakuja, akamwambia akohoe. Fundi akakohoa, na katikati ya kikohozi akahisi mbano mkali, kwa kuwa koleo jembamba lilikuwa limeushika mlango wa kizazi ili utulie. Kikohozi kilikuwa kimekula nusu ya maumivu, na ndiko jina la muuguzi lilikotoka. La pili lilikuwa la kijiti cha kupimia kina, msokoto wa tumbo kama wa hedhi mbaya uliompanda hadi mgongoni. La tatu lilikuwa la kitanzi chenyewe, kikipita na kukunjua mikono yake huko ndani. Fundi aliuma upindo wa mtandio wake. Jasho likamchuruzika juu ya mdomo na ukuta ukamwendea mbali. Wifi akamshika mkono, ule wenye kidole kibovu, na sista akamwambia apumue kama anayepoza uji. Tangu kipanuzi kiingie zilikuwa zimepita dakika saba.

Likabaki jambo la uzi.

Kitanzi huning'iniza nyuzi mbili nyembamba kupitia mlango wa kizazi. Sista alieleza kwamba angeziacha urefu wa sentimita tatu. Kila mwezi, hedhi ikiisha, fundi angenawa mikono na kuzigusa kwa ncha ya kidole, ajue kitanzi kipo mahali pake.

"Kata karibu kabisa," alisema fundi.

Sista akamweleza kwamba uzi mrefu kidogo hulainika na kujikunja juu, ukajificha wenyewe, lakini uliokatwa mfupi husimama kama unywele wa mswaki.

"Sista, mimi ni fundi. Nguo ikitoka kwangu inaning'inia uzi, mteja anairudisha. Uzi unaoonekana ni uzi unaovutwa. Mume wangu akiugusa, nimekwisha."

Hilo lilikuwa kosa ambalo mtu asiyeshona asingelifanya. Kwa miaka kumi na tano fundi alikuwa amekata kila uzi mpaka kwenye mshono, na hakuna aliyemwambia kuwa uko uzi unaofichwa kwa kuachwa. Sista Kohoa alijua. Alikuwa na kanuni yake, na kanuni haikuwa na shaka. Lakini aliutazama mkono ule ulioshikwa na wifi, akakiona kidole kilichosimama kando, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini akamwachia mgonjwa auongoze mkasi. Uzi ukasalia urefu wa punje ya mchele.

Fundi akapumzika robo saa mpaka kizunguzungu kikamwisha. Sista akamtajia mambo ya kumrudisha kituoni upesi: homa, ute wenye harufu, maumivu yasiyosikia dawa, kuhisi plastiki ngumu, kutouhisi uzi. Akampa na tarehe ya kurudi, Jumanne ya wiki ya saba.

Wiki zilizofuata zilienda kama alivyoambiwa. Tumbo lilimsokota siku mbili, matone yakaja bila taarifa, naye akashona huku amejifunga chupa ya maji ya moto kiunoni. Mume hakuwepo. Alikuwa amechukua kazi ya kuweka madirisha ya chuma katika shule iliyo safari ya siku nzima, na alirudi Jumamosi ya wiki ya sita, zimebaki siku tatu tu kabla ya tarehe ya kituoni.

Jumapili mchana watoto walikuwa wamepelekwa kwa jirani. Mambo ya mume na mke hayana haja ya maelezo, isipokuwa hili: mume aliruka ghafla kama aliyekanyaga kaa la moto. Akakaa kitako, akawaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ameshika waya tangu utoto, na ncha ya waya anaijua inavyochoma.

"Umeweka nini humo?"

Fundi akasema hakuna kitu. Ngumi ya kwanza ilimpata chini ya jicho, kabla neno halijaisha. Ya pili ikampasua mdomo. Akakimbilia mlango, lakini mlango ulikuwa na komeo la chuma alilolitengeneza mume mwenyewe, nalo halikufunguka upesi. Mume akamvuta kwa nywele hadi kwenye meza ya cherehani, akamgonga kichwa juu yake mara mbili kwa mpigo wa kazi, bila hasira usoni, kama anayenyoosha bati. Pedali ilikuwa ikizunguka yenyewe. Alipoinua mkasi mkubwa wa vitambaa, fundi akasema. Akasema lupu, akasema kituo gani, ila jina la wifi hakulitaja.

Mama mkwe, ambaye aliishi chumba cha pili, aliingia akakuta mkwewe sakafuni. Hakuuliza amefanya nini mwanawe. Aliuliza amefanya nini mwanamke. Alipoelezwa, akasema kwamba tumbo la mke si kabati la kuwekea vyuma, na kwamba kilichowekwa na watu kitolewe na watu hao hao, kesho, mbele yake. Hayo yote fundi aliyasikia kwa sikio moja. Lingine lilikuwa linavuma.

Jumatatu asubuhi mume alimpa masharti yake njiani. Angesema anakitoa kwa hiari. Akisema vingine, cherehani ingekatwa vipande kwa moto wa gesi, na watoto wangehamishiwa asikokujua. Fundi akaitikia kwa kichwa. Walipopita mbele ya nyumba ya jirani, jirani, aliyekuwa bado na watoto, akaliona lile jicho, akatuma ujumbe kwa wifi, aliyeishi kwake mtaa wa pili.

Geti la kituo lilikuwa kazi ya mchomeleaji mwenyewe, na madirisha pia. Alikuwa ameyatengeneza miaka miwili nyuma na hakuacha kujisifu kwamba hata dume la ng'ombe haliwezi kuyafungua likifungiwa. Akaupita msururu wa wanawake waliokaa kwenye benchi, akamwangusha mlinzi, akaupiga teke mlango, akamkalisha mama yake kitini na mkewe kitandani. Wifi alimkuta tayari anapiga nondo juu ya meza ya sista.

Hivyo ndivyo walivyofika sita.

Sista Kohoa hakuitazama nondo. Alimtazama kwanza mlinzi, akaona kifua kinapanda na kushuka. Kisha akamtazama fundi.

Mume akasema mke wake ana ombi.

"Kitolewe, sista," alisema fundi kwa mdomo uliovimba. "Ni hiari yangu."

Sista akavuta fomu kutoka kwenye faili, akaiweka sawa na ukingo wa meza.

"Sawa. Kukitoa ni dakika moja. Lakini swali hilo mgonjwa hulijibu akiwa peke yake. Tokeni nje, wote. Nitawaita."

"Si ameshajibu?"

"Hajajibu, baba. Umejibu wewe kwa mdomo wake."

Nondo ikapita kwenye kabati la vioo. Chupa za dawa zikamiminika, vipande vikamjaa mama mkwe mapajani. Mama mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayechelewa sokoni, kwamba mwanawe afanye haraka waondoke, na kwamba haya ndiyo malipo ya watu wanaomwekea waya mke wa mtu.

Sista akamjibu akiwa bado amesimama. "Ni uzi, mama. Ulipaswa kuachwa mrefu, nami nikaukata mfupi. Kosa ni la mkono wangu, si lake. Kama kuna wa kupigwa, nianze mimi."

Mchomeleaji akamkubalia. Kiwiko chake kilimpata sista mdomoni na meno mawili yakaanguka juu ya fomu. Nondo akaitupa kando, kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili. Akamsukuma mkewe chali kitandani, akatwaa koleo kwenye trei ya vyombo, akasema kama kuna uzi basi kuna cha kuvuta, na misumari ameng'oa mirefu kuliko hicho. Wifi akanyanyua stuli ya chuma, akaipigiza mgongoni mwa kaka yake. Kaka akageuka, akamshika bega, akambamiza ukutani mpaka bango la chanjo likadondoka naye. Wakati huo mkewe alikuwa ameinuka nusu. Akamrudisha. Akauzungusha mtandio shingoni mwake mara moja, akauvuta kwa mkono wa kushoto ili atulie, na wa kulia ukashuka na koleo kwenye upindo wa gauni.

Fundi hakuweza kupiga kelele, maana pumzi haikuwepo. Alisikia tu mama mkwe akisema, "Taratibu, mwanangu," na chumba kikaanza kwenda mbali, kama siku ile, ila safari hii hakuna aliyemwambia apumue. Aliona jambo moja kwa uwazi: koleo lile likiingia, halingevuta uzi. Lingefumua mshono. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipapasa trei, na kidole kisichonyooka kikanasa kwenye tundu la mkasi. Ulikuwa mkasi mwembamba, mrefu, wa kukatia uzi wa vitanzi. Fundi aliujua uzito wake kwa mguso. Miaka kumi na tano ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba kitambaa kizito hakitobolewi kwa woga, hutobolewa mara moja, wima.

Akautia wima. Uliingia kwenye mgongo wa mkono ulioshika koleo, ukatokea kiganjani, ukaishia kwenye godoro la kitanda.

Mchomeleaji alilia kwa sauti ambayo benchi zima la nje liliisikia. Akaung'oa mkono pamoja na mkasi, damu ikaruka hadi kwenye taa, akarudi nyuma akitafuta nondo. Wifi alikuwa ameikalia. Akaapa kwamba anakwenda karakana kuleta mtungi wa gesi, na kwamba atawachoma wote, kituo na waliomo. Akaruka kizingiti, lakini mlinzi, ambaye fahamu zilikuwa zimemrudia kiasi, akamdaka kifundo cha mguu, akamwangusha kwenye sakafu ya ukumbi kwa uso. Akajinasua, akatambaa, akainuka, akakimbia mpaka getini. Wanawake wa benchi walikuwa wamelifunga. Walikuwa kumi na wawili, mmoja na mimba ya miezi minane, nao walikuwa wameliteremsha komeo na kupitisha kufuli la mlinzi. Alilitikisa geti lile kwa mkono mmoja na mabega yote mawili. Kazi yake mwenyewe ilikuwa imara: halikusogea.

Chumbani, Sista Kohoa alikuwa ameshaulegeza mtandio. Alimwinua fundi, akamwegemeza kifuani, damu ya mdomo wake ikimdondokea fundi begani.

"Kohoa," alisema. "Kohoa, mama. Kohoa tena."

Fundi akakohoa. Mara ya tatu hewa ikaingia na mlio, kama mlango mkavu unaofunguliwa.

Baada ya hapo sista akarudia utaratibu wake. Akawatoa nje kwa muda mama mkwe na wifi, akavuta pazia, akamwomba fundi ruhusa, akanawa, akapima. Punje ya mchele ilikuwa pale pale. Mshono haukuwa umeguswa. Akasema neno moja tu, "Kipo," na fundi akafumba jicho lake zima. Kisha sista akamfunga mlinzi bendeji kichwani, akamwekea fundi barafu, akamtengenezea wifi kamba ya kuning'iniza mkono uliotenguka bega, na mwisho akajiwekea pamba mdomoni. Kituo cha polisi kilipigiwa simu. Wakasema wako njiani.

Mchomeleaji alikuwa amelikatia tamaa geti. Sasa alisimama nje ya dirisha la chumba, mkono umefungwa kwa shati, uso kati ya vyuma alivyovipima na kuvichomelea mwenyewe. Alimwita mama yake, akamwambia awaamuru wafungue.

Mama mkwe alikuwa amerudi kitini, akiokota vioo mapajani kimoja kimoja. Akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba mwanawe anavuja damu na watu wanaangalia. Akasema mwanamke wa kweli hamwagi damu ya mumewe. Yeye alizaa tisa.

"Ulizaa tisa, mama," alisema wifi. "Ukazika watano. Kila mwaka tulikuwa tunachimba. Sema na hilo."

Kioo kimoja kikamponyoka mama mkwe mkononi. Hakukiokota.

Sista Kohoa akafuta meza, akatoa fomu mpya, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imelowa. Akasema kwa shida, kupitia pamba, kwamba swali bado halijajibiwa, na akawaomba waliobaki watoke ili mgonjwa aulizwe peke yake, kama kanuni inavyotaka.

"Waache," alisema fundi cherehani.

Sauti yake ilikuwa kama mchanga. Alikuwa ameketi wima, alama nyekundu ya mtandio ikimzunguka shingo.

"Mara ya kwanza uliniuliza peke yangu, wakasema nimefanya kwa siri. Leo niulize mbele yao."

Sista akasimama, kama mwalimu mbele ya darasa, akauliza kwa sauti iliyofika dirishani: anataka kitolewe au kibaki?

Fundi hakumgeukia sista. Aliwageukia mmoja mmoja: mama mkwe kitini, wifi ukutani, mlinzi mwenye bendeji mlangoni, na uso ule kati ya vyuma.

"Kinabaki," alisema. "Miaka yake ikiisha nitarudi kwa miguu yangu, niweke kingine au nisiweke, nitajua mimi. Ninayetoka ni mimi. Mama, kuanzia usiku wa leo mimi silali tena katika nyumba ile. Watoto nawachukua kwa jirani, cherehani yangu naibeba, polisi wakiwa wamesimama mlangoni, na ninahamia kwa wifi. Na wewe hapo dirishani, umesikia kwa masikio yako, usije ukasema umeambiwa na watu. Sista, andika. Andika na majina ya waliokuwepo."